Kuchanja mwaloni: angalia mwezi kabla ya kalenda

Haya nayaandika kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyepangiwa mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, kwa mara ya kwanza, na kwa nesi kijana anayetumwa huko na boksi la barafu begani. Mimi niko upande wa Kayenze na Igombe, Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Nilikuwa naanika dagaa kabla ya kupewa fulana ya uhudumu, na bado naanika. Semina itakufundisha ratiba ya chanjo, na ratiba haina shida. Mwaloni watu wengi hawana ugomvi na sindano. Ugomvi wao ni na aliyeibeba, na wale wote anaofanana nao.

Kwa hiyo anza na gari. Gari jeupe la serikali likishuka kuelekea mwaloni, watu wanajua linakuja kufuata makokoro. Wameshuhudia nyavu zikimwagiwa mafuta na kuchomwa mchangani. Zilikuwa nyavu haramu, sitetei, lakini aliyechomewa alikuwa na mkopo wake na watoto wake. Sasa gari la aina ileile linarudi, mtendaji yuleyule anashuka, na safari hii anasema, "Leteni watoto." Hapo hujafungua mdomo na jibu umeshapewa.

Liache gari juu barabarani, ushuke kwa miguu. Mgambo usije naye kabisa. Mtendaji apewe taarifa, ni haki yake, ila asitangulie. Mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wanajamii kinachosimamia mwalo, mpe heshima yake na umwombe ruhusa, lakini kumbuka kuwa BMU hushiriki doria, kwa hiyo naye ana watu wanaomkwepa. Mimi hupenda kutanguliwa na mama anayeuza chai na chapati kwa mkopo. Yule anaijua kila familia, anajua nani kajifungua kambi gani, na hakuna anayemkimbia. Labda wanaodaiwa sana.

Halafu mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola na betri. Giza likiwa limeshika, wanaume wanarudi alfajiri na kulala, wanawake wanapokea mzigo, wanatandaza, wanageuza, wanafukuza ndege. Ukija saa mbili asubuhi na kipaza sauti utaonekana mtu asiyejua watu wanakula nini. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inapumzika, na wanaume utawakuta wanashona nyavu na kucheza drafti. Hizo ndizo siku zako. Mama wengi watakuambia, "Ngoja nimuulize baba yake," na baba yake akiwa majini au usingizini, mtoto hachanjwi. Wilaya ikikupangia tarehe katikati ya giza, piga simu mapema uombe isogezwe. Ikishindikana, nenda kama saa nne hivi, dagaa wakiwa wameshatandazwa na kazi ya kugeuza haijaanza.

Salamu usiikimbize. "Mwangaluka mayu" itakufungulia milango mingi asubuhi, lakini kambini kuna Wakerewe, Wakara, Wajita na Wahaya pia. Usimsalimie kila mtu Kisukuma ukadhani umemheshimu.

Baada ya hapo uliza maswali mawili tu: umesikia nini, na umesikia kwa nani? Kisha nyamaza. Namaanisha nyamaza kweli, usikae unasubiri apumue ili umrukie. Sababu ya kwanza anayokupa mtu mara nyingi ndiyo anayoona ina heshima kuitaja. Kuna mama kijana aliyeniambia chanjo inaharibu kizazi. Sikubishana naye. Tukachambua dagaa, tukaongea mambo ya mkwewe, na mwishowe likatoka: mwanawe alipochanjwa wiki ya 6 alipata homa usiku kucha, mkwewe akamlaumu, na aliporudi kliniki akiwa amechelewa tarehe alifokewa mbele ya wenzake. Kizazi hakikuwa na habari yoyote. Alichokuwa anakataa ni kufokewa tena. Ningemsomea kipeperushi cha kizazi mpaka jioni, asingesogea. Dawa yake ilikuwa kwenda naye, nikakaa kwenye benchi pamoja naye hadi alipohudumiwa.

Sasa maswali magumu. Huku ziwani utaulizwa la korona kabla ya yote, maana Januari 2021, pale Chato, kwenye mwambao wa ziwa hilihili, Rais Magufuli alisema hadharani kuwa chanjo za korona hazifai. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo Rais Samia akachanjwa Ikulu mbele ya kamera, siku chache baada ya kupokelewa dozi zaidi ya milioni moja za Janssen. "Ilikuwa mbaya Januari, ikawa nzuri Julai?" Usimtetee mmoja kwa kumwangusha mwingine. Marehemu ni mtu wa kanda hii, na ukimsema vibaya kikao chako kimekwisha. Mimi nasema: ni kweli, serikali ilisema hivi, kisha ikasema vile, na una haki ya kuuliza. Kisha naongeza ambalo wengi hawalijui. Katika kipindi chote cha Magufuli watoto walichanjwa surua, polio na pepopunda kama kawaida, na chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana ilianza kutolewa nchini Aprili 2018, yeye akiwa rais. Aliyoipinga ni ya korona. Nimeona wazee wakitazamana hapo.

Hiyo ya wasichana ndiyo inayobeba uvumi mwingi kuliko zote. Wanauliza kwa nini wasichana tu, tena wadogo, na nani kasema wasizae? Jibu moja moja. Saratani yenyewe ni ya mlango wa kizazi, na ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Wanaopanda hospitali ya Bugando kutibiwa wakiwa wamechelewa tunawajua, wengine ni ndugu zetu. Husababishwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na chanjo inafanya kazi vizuri mtu akiwa bado hajakutana nacho, ndiyo maana hupewa wa miaka 9 hadi 14. Mzazi akisema unamfungulia binti yake mlango wa uhuni, mwambie chanjo hii ni ya kumkinga hata na mume atakayemuoa kwa ndoa halali. Na kuhusu wavulana, kuna nchi zinazowachanja pia: Australia tangu 2013, Uingereza tangu 2019. Sisi tumeanza na wanaobeba mzigo mkubwa.

"Wanajaribia kwetu" ni sentensi utakayoisikia, na wahudumu wengi hukimbilia kukanusha. Usikanushe, maana utafiti ulifanyika, tena hapahapa Mwanza. Kuanzia 2017 wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti wa chanjo hii uliofanywa na watafiti wa taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu pamoja na wenzao wa London. Chanjo zenyewe zilikuwa zimeshaidhinishwa na zinatumika nchi nyingine. Kilichoulizwa ni kama dozi moja inatosha badala ya mbili au tatu. Wazazi waliridhia kwanza. Majibu yakaonyesha kinga ya dozi moja inadumu, yakaungana na ya tafiti za nchi nyingine, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja. Tanzania ikahamia dozi moja 2024. Kwa hiyo mabinti wa Mwanza ni sehemu ya sababu ya mtoto wa leo kuchomwa sindano mara moja tu. Ukilieleza hivyo, swali lililokuja kama tuhuma linageuka kuwa la kawaida: "Na hao wa 2017 wanaendeleaje?" Hapo mnaongea.

Uvumi mwingine unavuka mpaka na sauti za WhatsApp. Ule wa pepopunda ulitoka Kenya mwaka 2014, maaskofu Wakatoliki wa huko walipodai chanjo ina kitu cha kuzuia mimba, na serikali yao pamoja na Shirika la Afya Duniani wakakanusha. Swali la watu lilikuwa la haki kabisa: kwa nini wanawake wa umri wa kuzaa tu? Jibu lipo kwenye kitovu. Kitovu kikikatwa kwa wembe mchafu, kichanga hupata pepopunda, na kinga anayozaliwa nayo ni ile ya mama. Wakunga wa jadi wanalielewa hili haraka kuliko mtu yeyote. Waombe walieleze wao.

Chaki nayo ina kesi. Mwaka 2022, baada ya kirusi cha polio kuonekana Malawi, tulipita nyumba kwa nyumba nchi nzima. Tuliandika milango kwa chaki na kumpaka mtoto wino kidoleni, na kwenye kambi moja wakasema ni alama ya Freemason. Siku hizi naieleza alama kabla sijaiandika: hii namba ni ya nyumba, hii ni idadi ya watoto waliopata matone. Kisha nampa mwenye nyumba chaki aandike mwenyewe.

Watu wakishatulia, waonyeshe vitu. Maneno huku ni mengi, vitu ni vichache. Toa chupa ya chanjo uiweke kiganjani pa mama mwenye mashaka kuliko wote. Kwenye lebo au kifuniko kuna kiduara chenye kimraba ndani yake. Kimraba kikiwa cheupe kuliko duara, chanjo haijapigwa na joto kupita kiasi. Joto likizidi, kimraba hukolea, na kikifanana na duara au kuwa cheusi zaidi, chupa hiyo hutupwa. Asiyejua kusoma anaweza kukikagua. Mwachie yeye aseme, "Hii ni nzima." Kisha fungua bomba jipya mbele yake. Ukishasukuma mpini hadi mwisho unajifunga, hauvutiki tena. Mpe mzee mmoja bomba tupu ambalo halijachomwa kwa mtu, bila sindano, alisukume halafu ajaribu kulivuta. Anayeogopa kuwa mtoto wake atachomwa kwa sindano ya mwenzake atanyamaza mwenyewe. Na akiwepo bibi mwenye kovu la ndui begani, muombe asimulie alivyochanjwa. Ndui ilitangazwa kutoweka duniani mwaka 1980. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu, na baadaye akawa mhamasishaji wa chanjo ya polio mpaka alipofariki 2013. Vijana wa mwaloni wanakipenda kisa hiki, hasa pale kwenye kuogopa sindano.

Homa itaje kabla haijaja. Mama aliyeambiwa "usiku huu anaweza kuchemka na kulia, paja litauma" anaamka asubuhi akisema nesi alijua. Ambaye hakuambiwa anaamka akisema wamemwekea mtoto sumu. Chanjo ya kifua kikuu itafanya kidonda baada ya wiki kadhaa na kuacha kovu, kwa hiyo asikipake majivu wala dawa ya meno. Taja na ya hatari: degedege, kuhema kwa shida, kukataa kunyonya, homa isiyoshuka. Hayo ni ya kukimbilia zahanati bila kusubiri mashua ya kesho. Mabinti wa shule wakae chini kama robo saa baada ya sindano, na wawe wamekula, maana mmoja akizimia darasa zima litazimia.

Kula ni kitu kikubwa kuliko kinavyoonekana. Dawa za kichocho, zile wanazopimiwa watoto kwa mti wa urefu, zikimezwa tumbo tupu huleta kizunguzungu na kutapika. Shule ikigawa vidonge bila uji, jioni wazazi wanapokea watoto waliolegea, na mwezi unaofuata sindano ndiyo inayolipia deni. Muulize mwalimu mkuu mapema: uji upo? Kama haupo, ahirisha.

Utaulizwa kama ni lazima. Usitishie kwa kitu ambacho hukimiliki. Usiseme mtoto hatapokelewa shule, usiseme mama atanyimwa huduma. Ya korona kwetu ilitangazwa kuwa ya hiari. Kenya walipotangaza Novemba 2021 kuwa asiyechanjwa angenyimwa huduma za serikali, Mahakama Kuu ililisimamisha agizo hilo, na habari ilifika mialoni kwetu upesi. Vitisho vinakupa namba nzuri ya siku moja, kisha wanawake wanawaficha watoto ukionekana kwa mbali. Na binti asichanjwe shuleni mzazi akaja kujua jioni kwa kuona mkono umevimba. Taarifa itangulie, hata kwa kupita kambini kuongea.

Atakayekataa, mkubalie. Mwambie utapita tena, na upite kweli, hata siku usiyokuwa na boksi. Kesho yake rudi kwanza kwa wale waliochanjwa uwaulize mtoto kalalaje. Hiyo safari haina posho na hakuna atakayekuandikia ripoti, ila ndiyo inayotazamwa na wale waliokataa.

Mwisho, kadi. Kambi huhama kufuata samaki. Mtoto alichanjwa wiki ya 6 hapa, ya 10 ilimkuta Ukerewe, ya 14 haikumkuta popote, na kadi ililowa mtumbwini. Mama wengi wa hivi hawapingi chochote, wanaona aibu tu, na wanadhani lazima kuanza upya sindano zote. Hakuna kuanza upya, anaendelea alipoishia, na nesi ataangalia ipi imepitwa na umri. Mwambie hilo kabla hajaanza kujitetea. Kadi mpya ukishamwandikia, piga picha ukurasa wa chanjo kwa simu yake na kwa simu ya baba, kisha ifungie kwenye mfuko wa nailoni.