Jinsi ya kujua kama mmea unajikinga kwa kuvunja sumu ya ugonjwa

Kabla hujakimbilia maabara anza na swali moja, fangasi anayeleta huo ugonjwa anatumia sumu au hatumii? Maana kama hana sumu basi jeni ya kuvunja sumu haina kazi hapo, utahangaika bure. Mfano mzuri ni mahindi na fangasi anayeyashambulia, Cochliobolus carbonum, jeni ya mahindi inayoitwa Hm1 inatengeneza kimeng'enya kinachobadilisha sumu ya huyo fangasi, inayoitwa HC, inakuwa haina nguvu, na hiyo ndo jeni ya kwanza ya ukinzani wa magonjwa kutolewa kwenye mmea na kusomwa, mwaka 1992.

Sasa jaribu hivi: otesha mbegu za aina mbili, moja sugu na moja dhaifu, mizizi iwekwe kwenye maji yenye sumu iliyosafishwa, na usisahau kundi la maji matupu (watu wengi wanasahau hapa halafu wanalaumu mbegu). Baada ya siku kadhaa pima urefu wa mizizi, ile ya sugu ikiendelea kukua vizuri ujue uko njiani, ila bado hujathibitisha jeni. Pima pia kama sumu yenyewe imepungua kwenye tishu.

Ukishapata hiyo ndo utafute alama za DNA (vipande vya DNA vinavyotofautisha sugu na dhaifu), chavusha sugu na dhaifu, angalia kwenye kizazi cha pili kama alama na ukinzani vinaenda pamoja. Sumu ishike kwa glovu, tafadhali, ile ya fangasi wa Fusarium kwenye ngano inadhuru na watu pia.