Umesahau Pochi Kwenye Teksi Japani: Namna ya Kuipata

Usikate tamaa haraka. Japani, dereva wa teksi, mhudumu wa hoteli au mfanyakazi wa stesheni akiokota pochi kwa kawaida huikabidhi, mara nyingi na noti zake ndani, na sheria inamtaka afanye hivyo. Kwa hiyo cha muhimu ni kuweza kueleza uliiacha wapi.

Ukishuka teksi omba risiti, hata kwa safari ya dakika 5. Ina jina la kampuni, simu na namba ya gari. Bila risiti utahangaika kweli, kwa sababu Tokyo kampuni ni nyingi na magari yanafanana.

Kwenye treni, andika njia, ilikokuwa ikielekea, saa uliyoshuka na behewa. Namba ya behewa na ya mlango mara nyingi huchorwa sakafuni pale abiria wanapopanga foleni. Nenda getini useme "wasuremono", yaani kitu kilichosahauliwa. Uliza pia stesheni ya mwisho wa njia, maana mabehewa hukaguliwa huko.

Kama ni barabarani, ingia koban, kituo kidogo cha polisi cha mtaani, ujaze fomu. "Pochi nyeusi" haitoshi: taja mshono, kadi zilizomo, kiasi cha yeni. Weka simu ya hoteli. Utapewa namba ya taarifa. Itunze kama pasipoti. Kadi za benki zifunge siku hiyohiyo.

Siku za kwanza piga simu kwenye kampuni yenyewe. Baada ya wiki, waulize polisi, kwani vitu huhamishiwa kwao. Kwa Tokyo hukusanywa kwenye kituo chao cha vitu vilivyopotea, karibu na Iidabashi. Hukaa miezi 3, ila miavuli na nguo za bei ndogo zinaweza kuuzwa baada ya wiki 2.

Mwokotaji ana haki ya asilimia 5 hadi 20 ya thamani. Akiokota ndani ya treni au jengo, nusu ya hiyo ni ya wenye mahali hapo. Wengi husamehe, lakini waulize polisi. Usimsukumie dereva noti mkononi: bakshishi si desturi, na unamtia aibu bure. Inama kidogo, shukuru.

Ukishaondoka nchini, mtu aliyeko huko anaweza kukuchukulia. Mpe barua ya idhini yenye sahihi yako, nakala ya pasipoti na ile namba ya taarifa. Naye aende na kitambulisho chake.