Namna ya kutunza kinyama cha uvimbe wa titi hadi kifike kwa mpatholojia

Mwongozo huu ni kwa madaktari na wauguzi wa vyumba vya upasuaji mkoani Dodoma, hasa wa Kondoa, Mpwapwa na Kongwa, ambao sampuli zao husafirishwa kwa gari kabla ya kupimwa na mpatholojia, yaani daktari anayechunguza nyama ya mwili kwa darubini.

Andaa chupa kabla mgonjwa hajapanda kitandani. Iwe ya mdomo mpana, kwa kuwa nyama iliyokaa kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi isioze, hukakamaa na haitoki kwenye mdomo mwembamba bila kuharibiwa. Jina na namba ya mgonjwa viandikwe ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Mimina formalini ya asilimia 10 yenye bufa (kemikali ya kuizuia isiwe asidi), isiyopungua mara 10 ya ujazo wa nyama. Maji ya chumvi au spiriti visitumike badala yake, wala sampuli isigandishwe, kwani chembe za barafu hupasua seli.

Uvimbe ukishatolewa, seli zake hukosa damu na vimeng'enya vyake huanza kuvunja protini, na joto la mchana wa Oktoba huongeza kasi hiyo. Uingizwe kwenye formalini ndani ya saa 1. Formalini hupenya takriban milimita 1 tu kwa saa, kwa hiyo uvimbe mkubwa ukitumbukizwa mzima huweza kuoza kiini huku nje ukionekana mzuri. Daktari wa upasuaji autie kwanza alama za uzi kuonyesha pande zake, kisha aupasue kwa kisu kikali bila kuvitenganisha vipande.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote, na ndilo husahaulika, ni kuandika kwenye fomu saa uvimbe ulipotolewa na saa ulipoingia kwenye formalini. Vipimo vya vipokezi vya estrojeni (homoni ya kike) na vya HER2, protini inayochochea baadhi ya saratani kukua, huhitaji sampuli iliyokaa humo kati ya saa 6 na 72. Protini zikiharibika, jibu huweza kusema vipokezi havipo ilhali vilikuwepo, na mama huyo akanyimwa tamoksifeni, dawa ya kuzuia estrojeni, au trastuzumabu, kingamwili iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa saratani zenye HER2 nyingi. Sampuli ya Ijumaa asubuhi ikingoja gari la Jumanne imekwisha kupita muda. Ni heri upasuaji usiokuwa wa dharura upangwe Jumatatu.

Iwapo sehemu ya nyama itabaki kwa utafiti, mgonjwa aombwe ridhaa ya pekee kabla ya upasuaji, kwa Kiswahili anachokielewa au kwa Kigogo au Kirangi kupitia mkalimani, na utafiti wenyewe uwe na kibali cha maadili kutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ridhaa ya kupasuliwa haitoshi.

Chupa isafiri ikiwa wima ndani ya mfuko uliofungwa, na fomu iwe katika mfuko wake mwingine, kwa sababu formalini ikivuja hufuta wino, pamoja na nyakati zile mbili ulizoziandika.