Intavo kwenye trena wakati huu wa masika

Wadau wa baiskeli wa Arusha na Moshi, Machi mpaka Mei lami inateleza na dereva wa Noah hakuoni kwenye mvua, sasa kama una trena ndani (kile kifaa cha kushikilia baiskeli ukazungusha pedali bila kusogea) itumie vizuri, sio unakaa juu yake saa mbili unazungusha kizembe huku unaangalia mpira. Dakika 45 hadi 50 za intavo, yaani vipande vikali na vya kupumzika kwa zamu, zinatosha kabisa.

Kwanza feni. Watu wanahangaika na trena za bei mbaya wakati feni ndo inaamua zoezi, maana ndani hakuna upepo wa kukupooza, mwili unachemka na mapigo ya moyo yanapanda hata kama wati (nguvu unayosukuma kwenye pedali) hazijaongezeka. Ielekeze kifuani, tandika taulo kwenye hendeli maana jasho lina chumvi linakula bolti, weka maji karibu. Kama trena yako ni ya kubana tairi la nyuma jaza upepo uleule kila siku na ukaze rola (ile silinda inayogusa tairi) vilevile, la sivyo namba za leo huwezi kulinganisha na za wiki iliyopita. Umeme ukikatika, trena ya sumaku inaendelea kama kawa ila feni hakuna, hapo fungua madirisha upige kitu chepesi tu.

Pasha mwili dakika 10 hadi 15, mwishoni tia vispidi vifupi vitatu. Halafu dakika 4 kali mara nne, katikati dakika 3 za kuzungusha mdogomdogo, na mdogomdogo iwe kweli. Kwenye zile kali mapigo yafike asilimia 85 mpaka 95 ya kiwango chako cha juu, lakini dakika ya kwanza usiyafukuze, moyo huwa unachelewa, we sikiliza pumzi: uweze kutoa maneno mawili matatu, sentensi nzima ishindikane. Wengi wanalipuka raundi ya kwanza, ikifika ya tatu wananing'inia kwenye hendeli. Anza na gia nyepesi kidogo, ya nne ilingane na ya kwanza.

Tabata, yaani sekunde 20 kali na 10 za kupumzika, wengi wanaichukulia poa. Utafiti wa Izumi Tabata wa 1996 kule Japani ulifanyika kwenye baiskeli za maabara kwa ukali wa asilimia kama 170 ya uwezo wa juu wa kutumia oksijeni, watu raundi ya 7 au 8 wameisha kabisa, so ukimaliza zako nane bado unapiga stori hiyo sio Tabata. Anayeanza aiache kwanza, apige sekunde 30 kali na 30 laini mara 8 au 10. Mwenye presha au anayebanwa kifua amuone daktari kabla.

Wiki moja mara mbili inatosha, katikati acha siku mbili hivi. Halafu Arusha mjini ni mita kama 1,400 juu ya bahari na Moshi iko chini zaidi, na juu hewa nyepesi inapunguza nguvu, kwa hiyo ukiwa Arusha usigombane na wati za jamaa wa Moshi.

Ukimaliza usiruke chini, zungusha laini dakika 10, ndo ufute jasho kwenye fremu na cheni.