Tao la lango la Kirumi kwa mawe ya Mombasa
Tao la Kirumi husimama kwa uzito, si kwa gundi. Porta Nigra, lango la mji wa Trier huko Ujerumani, lilijengwa karibu na mwaka 170 bila chokaa kati ya mawe, likafungwa kwa vibanio vya chuma. Vyuma hivyo usiviige hapa. Hewa ya bahari huvitia kutu, kutu huvimba, na jiwe la matumbawe likapasuka.

Hesabu zetu ni za mlango wa upana wa mita 1.2, tao la nusu duara lenye kimo cha jiwe milimita 200. Chonga mawe 13 ya umbo la kabari: milimita 135 chini, 183 juu, na kiungo cha chokaa cha milimita 10. Idadi iwe witiri ili jiwe moja likae kileleni. Ikiwa shufwa, pale juu patakuwa na kiungo.

Kalibu, umbo la muda la kubeba mawe hadi tao lifunge, ni mbao mbili za nusu duara zenye nusukipenyo cha milimita 594, zikivikwa plaiwudi ya milimita 6. Wengi husahau unene wa plaiwudi. Tao hutoka kubwa na jiwe la mwisho huogelea. Ikalishe kalibu juu ya boriti zilizosimamishwa, katikati ukitia kabari za mbao mbili mbili. Usiipigilie misumari: kuing'oa kwa nyundo hutikisa viungo.

Loweka mawe kwanza, kwani tumbawe kavu hunywa maji ya chokaa na kuiacha unga. Chokaa 1 kwa mchanga 3, na mchanga usiwe wa ufukweni. Chumvi yake huvuta unyevu, ukuta ukabambuka. Panga jiwe kushoto, jiwe kulia, kwa zamu. Ukikimbiza upande mmoja, kalibu huinama.

Tao likifunga, husukuma nguzo nje. Nguzo nyembamba zikiachana, ufa hufunguka chini ya jiwe la kileleni, na hakuna plasta itakayouficha kwa muda mrefu. Kwa lango linalosimama peke yake, fanya nguzo sentimita 60, kisha jenga mabega ya tao, yaani pande zake juu ya nguzo, kabla ya kugusa kalibu. Subiri wiki mbili, ulegeze kabari kidogo kidogo, pande zote sawa. Tao likishuka milimita moja mbili likatulia, usishtuke.