Nyumba inanuka na hujui harufu inatoka wapi? Anza hivi (hasa sisi wa nyanda za juu)

Jamani kabla hujaenda dukani kununua eafreshi nyingine au kuchoma udi, sikia hili kwanza. Harufu mbaya ndani ya nyumba ina mahali inapotoka, na mpaka upajue pale na upasafishe, hicho unachopulizia kinaenda kuchanganyika na uvundo tu, unapata harufu ya tatu ambayo ni mbaya kuliko zote mbili. Na huku kwetu Mbeya, Iringa, Njombe, Mafinga shida inazidi kwa sababu ya baridi, ikifika mwezi wa 6 mpaka wa 8 tunafunga madirisha kutwa, tunapikia ndani, nguo tunaanika ndani, chumba kimoja kina watu wanne wamejifunika mablanketi, mvuke wote ule hauna pa kutokea unaenda kukaa kwenye ukuta wa baridi na nyuma ya kabati. Tukuyu ndo usiseme kabisa, kule hata kiangazi manyunyu yanapita.

Sasa unatafutaje. Pua yako wewe unayekaa humo haikusaidii sana maana inazoea haraka, dakika chache tu haisikii tena. Fanya hivi: asubuhi, nyumba ikiwa ilifungwa usiku kucha, toka nje ukae kwenye hewa safi kama robo saa hivi, afu rudi kabla mtu hajawasha jiko wala kufungua dirisha. Ingia chumba kimoja kimoja ukifunga mlango nyuma yako, nusa chini karibu na sakafu, nusa kwenye kona, nusa juu karibu na siling bodi. Fungua kabati, inua godoro, vuta friji. Bado huelewi? Muite jirani mnayeaminiana au shemeji, mwambie kabisa "nisaidie, usinionee aibu", maana wageni wengi wanaisikia ila wanakaa kimya kwa heshima.

Kuna harufu mbili ambazo hapo hutafuti taratibu, unachukua hatua palepale. Ya kwanza ni ya gesi. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu, ile ya kama yai bovu imewekwa makusudi ili ukiisikia ushtuke. Usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti, funga mtungi, fungua milango, toa watoto nje. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inatuama chini, ipe muda itoke. Baadae paka povu la sabuni kwenye mpira na regyuleta, panapotoa mapovu ndo panavuja. Ya pili ni harufu ya plastiki inayoungua, wakati mwingine inakuja kama shombo ya samaki na samaki hujapika. Hiyo ni soketi au waya unapata moto sana. Zima meni swichi, ita fundi umeme.

Haya, tuje kwenye choo cha ndani. Watu wengi wanamwaga dawa kwenye sinki la choo kila siku na harufu iko palepale, kumbe inatoka kwenye kile kitundu cha sakafuni cha maji ya kuoga. Chini ya kila kitundu kuna bomba limepinda, pale kwenye pindo panatakiwa pakae maji muda wote yazuie hewa ya shimoni isipande. Choo cha wageni kisichotumika maji yanakauka, hewa yote ya shimo inaingia ndani. Dawa yake ni ya bure, mwaga jagi la maji kila wiki, na kama unasafiri muda mrefu ongeza kijiko cha mafuta ya kula juu yake, yanachelewesha maji kukauka. Ukishaweka maji na bado inanuka, mwambie fundi bomba aangalie lile bomba la hewa linalopanda juu ya bati, likizibwa na kiota cha ndege, kila ukiflashi maji ya kwenye mapindo yanavutwa na harufu inarudi, na kama fundi aliliishia chini ya paa, harufu inatokea hukohuko kwenye siling.

Harufu inayokuja ghafla, tamu tamu ya kukera, inazidi siku hadi siku na nzi wa kijani wanaanza kuonekana, huyo ni panya amefia mahali. Sumu ya panya ndo inaleta hii, anakula leo anaenda kufia kwenye siling siku zinazofuata, na kwa baridi ya huku anaoza taratibu kwa hiyo utateseka zaidi. Fuata nzi wanapokusanyika. Mtoe ukiwa umevaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi, lowesha sehemu kwa maji ya jiki kabla ya kufagia, usifagie mavi ya panya yakiwa makavu, vumbi lake si zuri kuvuta. Mi nashauri mtego au paka, sumu achana nayo.

Ila kubwa kuliko zote huku kwetu ni harufu ya unyevu, ile ya nguo zilizokaa kwenye begi. Vuta kabati, nyuma yake utakuta madoa meusi ya fangasi. Kujua unyevu unatoka wapi kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa solotepu pande zote, kiache siku nzima. Matone yakiwa upande wa ndani unaogusa ukuta, maji yanatoka kwenye ukuta wenyewe, ama bati linavuja, ama msingi haukuwekwa nailoni ya kuzuia maji yasipande, hapo unahitaji fundi na kupaka rangi juu yake ni kupoteza hela. Matone yakiwa upande wa nje, unyevu ni wa kwenu humo ndani, na huo unautibu mwenyewe: fungua madirisha ya pande mbili kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 9 hata kama kuna kaubaridi, sogeza kabati na kitanda viache nafasi ya kiganja kutoka ukutani, sufuria funika unapopika, nguo mbichi zitoke chumbani. Madoa ya kwenye taili futa kwa jiki kikombe 1 kwa maji vikombe 10, ukutani sugua kwa maji ya sabuni afu kausha kabisa.

Na tafadhali sana, jiko la mkaa lisilale chumbani eti linakausha unyevu. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu yoyote, unalala huamki. Mkaa ambao haujawashwa, mkavu, huo weka kwenye kikapu ndani ya kabati, unapunguza harufu kidogo kidogo.

Godoro la mtoto anayekojoa: kandamiza kitambaa kikavu kinyonye, nyunyizia siki na maji nusu kwa nusu, godoro likikauka nyunyiza beking soda ilale usiku, asubuhi futa utoe juani. Jiki usiiweke hapo, mkojo una amonia na vikikutana vinatoa hewa inayochoma kifua, vilevile usichanganye jiki na siki wala dawa ya choo. Shombo ya dagaa kwenye ubao na mikono inaondoka kwa limao au ndimu kwa sababu uchachu unaiua, sabuni peke yake haitoshi. Viazi navyo, mwaga gunia lote uchambue, kimoja kilichooza chini kinanukisha stoo nzima.