SOMO: Kababu za sosi ya ukwaju kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole (soma mpaka chini ndipo uulize)

Asalaam aleikum wadau, na wengine wote habari zenu.

Idi ikikaribia simu yangu haipumui, na Desemba ndiyo kabisa. "Dada, zile kababu zako za vijiti unazifanyaje?" Nimejibu kwa sauti, nimejibu kwa maandishi, juzi nimejibu ndani ya daladala huku nimepakata mfuko wa samaki. Naandika leo mara moja. Ukiniuliza tena nakuelekeza hapa.

Kwanza tuelewane chombo. Si jiko la wali wala si sufuria ya presha. Ni ile yenye chungu kizito cha kauri ndani, kifuniko cha kioo, na kitufe cha kuzungusha: moto mdogo, moto mkubwa, kupasha. Nyumbani tumeipa jina Kobe. Ya kwangu ni ya lita 6, inakula wati 250 hivi, maana yake ukiiwasha masaa manne umetumia yuniti moja. Wanaosema inamaliza umeme waangalie pasi na hita zao.

1. Nyama ya ng'ombe ya kusaga, kilo moja. Isiwe steki tupu, mwambie muuza nyama aache mafuta kidogo.

2. Kitunguu maji kimoja kikubwa, kwaruza, kamua maji yote.

3. Chenga za mkate wa boflo gao mbili, loweka kwenye maziwa robo kikombe.

4. Changanya vyote na yai moja, thomu, tangawizi, kotmiri, bizari nyembamba ya kusaga, pilipili manga, na chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu. Kanda mpaka ianze kunata mkononi. Chumvi na kukanda ndivyo vinavyoishikisha nyama, siyo yai peke yake kama wengi mnavyodhani.

5. Lowesha mikono, viringa ukubwa wa ndimu ndogo. Unapata kama hamsini. Ziweke kwenye friji nusu saa.

6. KUBABUA. Hapa ndipo nilipoaibika, kwa hiyo hapa tukae.

Idi ya kwanza nikiwa na Kobe nilifuata video ya dada mmoja wa Marekani. Kule hiki ni kitafunio cha sherehe za mwisho wa mwaka na cha siku za kutazama mechi. Wanachanganya jamu ya zabibu na chupa ya sosi ya pilipili, wanamwaga kababu, wanafunika, wanakwenda zao kuvaa. Nikasema kumbe kazi yenyewe ndiyo hii? Nikazitumbukiza mbichi, hamsini na mbili, kwenye sosi ya baridi. Baada ya saa moja nikafunua, nikakuta povu la kijivu, nikashika mwiko nikakoroga. Mkono ungekatika siku ile! Zilikuwa bado tepetepe, kila nilipozungusha mwiko zinafumuka. Saa saba mchana mama mkwe kaja, kafunua kifuniko, kanyamaza kidogo, akauliza: "Mwanangu, mkate wake uko wapi?" Yeye alijua ni mchuzi wa kima. Ukaliwa kweli na mkate wa ajemi, na vile vijiti mia mbili nilivyonunua mpaka leo sijavimaliza.

Nilichokuja kugundua ni kwamba kababu za yule dada zilitoka kwenye pakiti ya friza, zimeshapikwa kiwandani. Yeye anazipasha tu. Sisi tunaanza na nyama mbichi, na Kobe anachukua zaidi ya saa nzima kupata moto wa maana. Muda wote huo mafuta yanayeyuka na kutoka kabla nyama haijashikana. Halafu kuna jambo la afya: kati ya nyuzi 5 na 60 za joto ndiko vijidudu vinakozaana upesi. Nyama ya kipande ina vijidudu vyake juu, ya kusaga mashine imeshavichanganya mpaka ndani. Usiiache ikae vuguvugu saa nzima halafu uwape wazee.

Basi zibabue. Wenye oveni: nyuzi 220, dakika 12 hadi 15, mpaka zipate rangi ya kahawia. Wasio na oveni: kikaango, mafuta vijiko vitatu vya chakula, moto wa kati, zigeuze zishike rangi pande zote. Angalizo:
- Usijaze kikaango. Zikibanana zinatoa maji, unakuwa unachemsha.
- Usizigeuze kabla hazijajibandua zenyewe. Ukilazimisha unaacha ngozi chini.
- Mafuta yaliyotoka usiyamimine kwenye Kobe. Yatapanda juu ya sosi yote, na mgeni akichovya kijiti anaibuka na mafuta.
- Mwenye kipimajoto cha nyama, mwisho wa safari katikati isome nyuzi 71 au zaidi.

7. Sosi. Ukwaju robo kilo, loweka kwenye maji ya moto vikombe viwili, kamua, chuja. Weka kwenye sufuria ya kawaida pamoja na sukari guru kikombe kimoja, nyanya ya pakiti ndogo mbili, jamu ya machungwa vijiko vinne, thomu, kijiti cha mdalasini, chumvi, na pilipili mbuzi nzima usiipasue. Chemsha kwenye gesi mpaka iwe nzito ya kushika mgongo wa kijiko. Kobe hapunguzi maji, mvuke wote unagonga kifuniko na kurudi ndani. Sosi ikiingia nyepesi itatoka nyepesi, pengine zaidi.

8. Sosi ya moto kwanza, kababu juu yake, geuza taratibu kwa mwiko wa mbao. Moto mdogo masaa mawili na nusu mpaka matatu. Chungu kisipite theluthi mbili. USIFUNUE. Kila ukichungulia ongeza dakika ishirini.

9. Wageni wakifika, geuza kitufe kwenye kupasha, weka vijiti kwenye glasi pembeni, kila mtu ajihudumie. Masaa mawili, matatu, hazina neno.

Maswali karibuni.

---

MamaWawili_Chumbageni: Asante dada. Nyama kiasi gani?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Kijana_wa_Barabara_ya_9: Hii si ndiyo ile sufuria ya presha? Ninayo nyumbani.

Mwandishi: Siyo. Nimeandika juu kabisa.

Mpenda_Mahanjumati: Dada mimi nimezifanya leo kama ulivyonielekeza kwenye simu, zimeelea kwenye maji kama supu. Somo lako lina kasoro.

Mwandishi: Uliongeza maji?

Mpenda_Mahanjumati: Kidogo tu, niliona sosi nzito sana nikaogopa itaungua.

Mwandishi: Kidogo kiasi gani?

Mpenda_Mahanjumati: Jagi. Lakini halikujaa.

Mwandishi: Basi kasoro tumeiona iko wapi. Chukua ile sosi, chuja, irudishe kwenye gesi ipungue bila kifuniko, kababu zisubiri pembeni. Kwa umeme wa Kobe haiungui, moto wenyewe unatoka ubavuni, hauchomi chini kama mkaa.

Mjukuu_wa_Ngamiani: Shikamoo bi mkubwa. Mimi niko chuo, sina oveni wala hiyo Kobe. Nina jiko la mkaa na sufuria moja. Nisamehe kama swali ni la kijinga.

Mwandishi: Marahaba mwanangu, hili ndilo swali. Bibi zetu walikuwa na Kobe kabla ya umeme: kupalia. Babua kababu kwenye hiyo hiyo sufuria, zitoe. Punguza makaa yabaki machache yenye majivu juu. Rudisha sosi nzito na kababu, funika kwa kifuniko bapa cha bati, weka makaa matatu manne juu ya kifuniko. Dakika arobaini. Tofauti na Kobe, hapa chini panaweza kushika, kwa hiyo tikisa sufuria kila baada ya dakika kumi, usikoroge. Nikwambie siri, zinatoka na harufu ambayo Kobe hatoi.

Mjukuu_wa_Ngamiani: Asante sana bi mkubwa. Kwa nini makaa yawe na majivu?

Mwandishi: Majivu yanafunika moto, joto linakuja polepole na linakaa. Kaa jekundu tupu linapiga mara moja. Angalia wanaopika mkate wa kumimina, juu hawaweki kaa linalowaka.

Mzee_Raskazone: Kwa heshima zote, hizi si kababu. Kababu ya hapa mjini ni kavu, inakaangwa, unakamulia ndimu, unakula na chatne ya nazi. Hayo ya kuogelea kwenye jamu ni mambo ya kuiga.

Mwandishi: Mzee wangu, kababu kavu nazipika kila Ijumaa na sijamkataza mtu. Kababu kavu ikikaa mezani masaa mawili inakuwa jiwe, na mimi nina wageni arobaini wanaokuja kwa mafungu. Ukwaju ni wetu, machungwa ni ya Muheza. Kama kuna kuiga, ni kule kuchomeka waya ukutani.

Mzee_Raskazone: Haya. Niwekee kumi.

Bi_Harusi_2: Shangazi yangu kaniletea hiyo sufuria kutoka Marekani. Nimechomeka kwa adapta, dakika tano ikanuka waya. Imeharibika au ndiyo inavyokuwa mara ya kwanza?

Mwandishi: Ichomoe sasa hivi kama bado iko ukutani! Pindua chini usome kibandiko. Za Marekani ni volti 120, umeme wetu ni 230. Adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, haipunguzi umeme. Unahitaji transfoma ya kushusha, yenye wati zaidi ya zile za sufuria. Ila kwa kuwa imeshanuka, mpelekee fundi aipime kwanza. Na chungu cha ndani usikitupe, kwa kuhifadhi mchuzi mezani hakina mpinzani.

Pwani_Bagamoyo: Habari za Tanga. Huku Bagamoyo nyama tunayo ila wageni wangu wengi ni watu wa samaki. Ninaweza kutumia jodari? Na muda ubaki ule ule?

Mwandishi: Nzuri, jamaa wa Bagamoyo. Inawezekana, muda hapana. Jodari au nguru: chemsha kidogo, toa miiba, ponda na kiazi, zamisha kwenye yai na chenga, kaanga zikauke kabisa. Kobe awe na sosi peke yake masaa mawili ipate moto sawasawa, samaki waingie dakika ishirini za mwisho. Ukiwaacha masaa matatu watayeyuka na utautafuta mkate kama mama mkwe wangu. Na sukari guru ipunguze nusu, samaki na utamu mwingi hawapatani.

Pwani_Bagamoyo: Nimekupata. Na umeme ukikatika katikati?

Mwandishi: Kwa kuwa kababu zilishababuliwa na sosi iliingia ya moto, una nafuu. Usifunue. Angalia saa. Chungu kile kinashika joto, ukirudi umeme ndani ya masaa mawili endelea. Ukiona masaa mawili yanakaribia, hamishia kwenye sufuria ya gesi uchemshe mpaka itokote. Kama ulikuwa umetoka na hujui umeme ulikatika saa ngapi, mwaga. Inauma, lakini mwaga. Taa ya sufuria kuwaka uliporudi haikuambii kitu.

MamaWawili_Chumbageni: Dada na maharage je, ninaweza kuyaweka mabichi asubuhi nikayakuta jioni?

Mwandishi: Umeuliza la maana, nimekusamehe lile la kwanza. Maharage mekundu MSIYATIE mabichi kwenye Kobe. Yana sumu ya asili inayovunjwa na maji yanayotokota, na moto mdogo wa Kobe unaweza usifike hapo, ukaishia kutapika na kuharisha. Loweka usiku, mwaga yale maji, chemsha kwenye gesi yatokote dakika kumi kamili, ndipo uyahamishie. Nazi tia mwishoni, ukiiweka asubuhi itakatika.

MamaWawili_Chumbageni: Kumbe! Mimi nilikuwa nalaumu nazi.

Mpenda_Mahanjumati: Nimechuja, nimepunguza, imekuwa nzito. Samahani kwa maneno ya mwanzo. Sasa nazipeleka kwa wifi kwa bajaji, naogopa sosi itamwagika.

Mwandishi: Chomoa, weka karatasi ya fedha juu ya chungu ndipo kifuniko. Kisha leso: pitisha chini ya sufuria, funga fundo juu ya kishikio cha kifuniko, kaza kama unafunga mtoto mgongoni. Ipakate, usiiweke sakafuni, na weka taulo mapajani kwanza maana inachoma.

Mpenda_Mahanjumati: Nimefika. Tone moja tu, na limeangukia kwa dereva. Nimempa kababu mbili akanyamaza.